Mali Bila Daftari: Tulichobadilishiwa Mahakamani Georgia

(Hotuba hii niliitoa Clarkston, jimbo la Georgia nchini Marekani, Septemba 2025, mbele ya jamii yetu ya wanaozungumza Kiswahili. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na swali moja lililoulizwa mwishoni.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu wa Kivu na Katanga, wa Kigoma, wa Bujumbura, wa Mombasa, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, hamjambo. Najua Jumamosi ndiyo siku ya kufua, kununua chakula na kulala kidogo baada ya wiki nzima ya zamu za usiku. Mmeyaacha yote mkaja. Nawashukuru sana.

Nimekuja na habari ya sheria ambayo wengi mmeisikia kwa namba tu: SB 68, yaani muswada namba 68 wa Seneti ya Georgia. Gavana Brian Kemp aliitia saini tarehe 21 Aprili mwaka huu, na tangu siku hiyo kesi za madai katika jimbo letu haziendi tena kama zilivyokuwa zikienda. Kesi ya madai, kwa wale waliofika juzi, ni ile ambayo hafungwi mtu: umeumizwa kwa uzembe wa mwenzako, unakwenda mahakamani kudai fidia. Nimesikia ndugu wakisema hayo ni mambo ya mawakili wenye mabango makubwa barabarani. Hapana, ni mambo yetu. Yanamgusa anayepanga apatimenti hapa Clarkston, anayepanda van saa kumi alfajiri kwenda viwanda vya kuku kule Gainesville, anayeendesha lori, mwenye duka lake dogo, na aliyelazwa hospitali bila bima.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa katikati, mtu wetu upande huu, daktari au wakili upande ule, nabeba maneno kwenda na kurudi. Kwa hiyo sitaamua kesi ya mtu hapa. Mwenye kesi amwone wakili, na amwone mapema. Ninachowaletea ni yale niliyoyaona nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha katikati.

Nianze na geti.

Kwenye apatimenti nilikokaa miaka yangu ya mwanzo palikuwa na geti la chuma, la kubonyeza namba. Mota yake ilikufa wakati wa baridi. Mtu mmoja, sijui nani, akalikamata kwa waya wa hanga ili libaki wazi magari yapite, na ule waya ukakaa pale mpaka ukaota kutu. Taa ya ngazi ya jengo letu nayo ilikuwa imekufa. Tuliwaambia watu wa ofisi. Mimi mwenyewe nilikwenda mara tatu, nikiwasemea majirani wasiojua Kiingereza. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, kila mara ananiambia ataandika, fundi atakuja.

Mwezi wa nane kijana wa jirani yetu, umri wake miaka 19, alivamiwa kwenye ile ngazi akitoka kazini usiku. Walimpiga na kitako cha bastola wakamvunja taya. Mama yake alipopata miadi na wakili aliniomba nikamtafsirie. Wakili akauliza: ofisi ilijua kwamba geti limekufa? Mama akajibu, ndiyo, tuliwaambia. Nani aliwaambia? Mama akanigeukia, akanionyesha kwa kidole: huyu.

Wakili aliweka kalamu chini. Akaniambia siwezi kuendelea kutafsiri, maana kuanzia hapo mimi ni shahidi. Akaita mkalimani kwa simu, halafu akaanza kuniuliza mimi. Ulikwenda tarehe gani? Sikukumbuka. Mwezi gani? Nikasema labda wa tatu, labda wa nne. Ulizungumza na nani, jina lake? Sikulijua. Uliwaandikia barua, meseji, barua pepe? Hapana. Ndugu zangu, mtu ambaye kazi yake ni maneno alikaa mbele ya mama yule bila hata mstari mmoja wa maandishi. Ofisi ilipoulizwa ilijibu kwamba haina kumbukumbu ya malalamiko yoyote kuhusu geti. Wakili hakuichukua kesi. Yule kijana alikula kwa mrija wiki sita, na bili zilikuja kwa jina lake.

Hayo yalitokea miaka kadhaa kabla ya sheria hii mpya. Nimeyatanguliza kwa sababu sheria mpya imekifanya kile nilichokikosa siku ile kuwa kizito mara kumi zaidi.

Sasa mnisikilize vizuri, maana mtu asipojua tulikotoka hataona kilichobadilishwa. Mwaka 2005 Bunge la Georgia lilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha dola 350,000 kwa fidia ya maumivu na mateso katika kesi za uzembe wa madaktari. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Georgia ikaifuta. Majaji walisema katiba ya jimbo inalinda haki ya raia kuhukumiwa na juri, yaani raia wenzake walioitwa kusikiliza, na kwamba kupima maumivu ya mtu ni kazi ya juri hilo. Bunge haliwezi kulinyang'anya. Tangu hapo anayetaka fidia zipungue Georgia anajua kwamba njia ya kutaja kikomo imezibwa. Iliyobaki ni njia ya utaratibu: nani asikilizwe lini, juri lione karatasi gani, shahidi aingie katika hatua ipi. Muswada wa SB 68, alioupeleka Seneta John F. Kennedy wa Macon mwishoni mwa Januari, haukuweka kikomo hata cha dola moja. Ulipita njia ya utaratibu. Na mimi nimekaa mahakamani muda wa kutosha kujua kwamba kwa mtu mdogo utaratibu ndio haki yenyewe. Mwenye nacho akikosea hatua, ana wakili wa kumrudisha. Asiye nacho akikosea hatua, kesi imekwisha.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Humu ndani wamo waliogongwa na malori, na wamo wenye malori. Nawaona kaka zangu pale kushoto, nyinyi mnaoendesha usiku mzima kwenda Savannah kupakia makontena. Mnajua bima ya lori moja inavyokula faida ya mwezi. Gavana na chama cha wafanyabiashara wa Georgia walisimama kwenye hoja hiyohiyo: fidia zimekuwa kubwa mno, kampuni za bima zinapandisha bei au zinakimbia, na anayelipa ni mwenye biashara ndogo. Wana mfano wao wanaoupenda. Mwaka 2012 mtu mmoja alipigwa risasi akiwa kwenye gari lake, katika maegesho ya duka la dawa la CVS mjini Atlanta. Juri lilimpa zaidi ya dola milioni 42. Lilipogawanya lawama, lilitoa asilimia 95 kwa duka, asilimia 5 kwa majeruhi mwenyewe, na kwa aliyefyatua risasi halikutoa chochote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Georgia iliiacha hukumu hiyo isimame. Hata mimi, ambaye moyo wangu uko kwa majeruhi, naelewa kwa nini mwenye duka akisikia hivyo halali. Aliyeshika bastola hawezi kuwa hana lawama yoyote.

Na kuna kifungu ambacho nakiunga mkono bila kusita. Zamani wakili aliweza kusimama mbele ya juri akasema ndege moja ya kivita ni mamilioni ya dola, basi mguu wa mteja wangu utakosaje kufika hapo? Sasa hesabu ya maumivu inatajwa baada ya ushahidi wote kufungwa, na lazima ifungamane na ushahidi wenyewe. Hiyo ni sawa. Maumivu ya mtu hayahitaji ndege ya kivita ili yaaminike.

Sasa nakuja kwenye kifungu kilichonikosesha usingizi, cha wenye majengo na usalama. Zamani mahakama ilitazama hali yote kwa jumla: mtaa ukoje, uhalifu umewahi kutokea, mwenye nyumba alipaswa kutegemea nini. Sasa sheria imechora mstari. Ukishambuliwa kwenye apatimenti na mtu wa nje, utatakiwa kuonyesha kwamba mwenye jengo alikuwa na sababu mahususi ya kutegemea jambo hilo. Labda alipewa onyo la wazi kwamba uhalifu unakuja. Labda matukio yanayofanana nalo yaliwahi kutokea palepale naye akayajua. Matukio ya jengo la jirani, au ya umbali wa yadi 500, karibu mita 460, nayo yanahesabika, ila hapo kipimo cha kuthibitisha kwamba aliyajua ni kigumu zaidi. Au alijua kwamba mtu fulani mwenye historia ya ukatili yuko pale. Na hujamaliza. Unatakiwa pia uonyeshe kwamba mhalifu alitumia kasoro maalumu ya jengo, kasoro inayoongeza hatari kuliko ile ya kawaida ya mtaa, na kwamba mwenye jengo aliijua kasoro hiyo akaiacha.

Aliijua. Sikilizeni neno hilo. Geti lenye waya wa hanga ni kasoro ya jengo, hakuna anayebisha. Mtego uko kwenye kujua. Mwenye jengo huenda anakaa New York au California, hajawahi kuliona geti lake. Atajua kwa njia gani kama si kwa kuambiwa? Na ataulizwaje kama aliyemwambia hana karatasi?

Juu ya hayo, lawama sasa lazima igawanywe, mhalifu mwenyewe naye apewe fungu lake, na juri likimpa mwenye jengo fungu kubwa kuliko la mhalifu, sheria inalichukulia hilo kuwa si haki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wale waliofanya uhalifu kwenye ngazi yetu hawajakamatwa mpaka leo. Fungu lao la lawama linalipwa na nani? Halilipwi na mtu. Linabaki kwenye taya la kijana. Hapo ndipo sikubaliani na waliotunga sheria hii, na nasema waziwazi: walikuwa na haki ya kurekebisha kosa la kumwacha mhalifu bila lawama, lakini walipofika katikati hawakusimama.

Wengi bungeni nao hawakuridhika. Seneti iliupitisha muswada Februari 21 kwa kura 33 kwa 21. Baraza la Wawakilishi lina viti 180, na muswada hupita kwa kura 91. Machi 20 ulipata 91, hazikuzidi hata moja. Waliokataa walikuwa 82. Kabla ya hapo wanawake waliowahi kuuzwa kwa ukahaba mahotelini walikwenda mbele ya kamati kueleza jinsi kifungu hiki kingewafungia mlango wa kuzishtaki hoteli zilizofumba macho, na baraza likafanya marekebisho kwa ajili yao. Mnaona? Watu waliokwenda kusema walibadilisha maneno ya sheria. Sisi hatukwenda. Mimi sikwenda. Capitol, jengo la Bunge la jimbo, iko umbali wa safari moja ya treni ya MARTA.

Kuna habari ya bili za hospitali, nayo inawahusu hasa msio na bima. Tuseme umegongwa, hospitali ikakuandikia dola 60,000, lakini bima yako ikamaliza deni lote kwa 20,000. Zamani juri liliona ile 60,000 peke yake. Sasa, kwa ajali za kuanzia Aprili 21, juri linaweza kuonyeshwa zote mbili, iliyoandikwa na ile inayotosha kumaliza deni. Wanaoiunga mkono wanasema huo ndio ukweli. Sina ugomvi nao sana kwenye hesabu hiyo. Ninachowaombea nyinyi ni kujua jambo moja: asiye na bima mara nyingi hutibiwa kwa barua ya wakili inayomwahidi daktari kwamba atalipwa kesi ikiisha. Barua hiyo sasa inaweza kudaiwa na upande wa pili, na maswali yataulizwa: nani alikupeleka kwa daktari huyu, na kwa makubaliano gani? Kwa hiyo usikubali kupelekwa kwa daktari na mtu aliyekufuata kwenye maegesho baada ya ajali na kadi mkononi. Nenda hospitali siku ileile, kwa miguu yako au kwa ambulensi, ueleze kila panapouma.

Halafu kesi yenyewe sasa inaweza kukatwa vipande. Upande wowote ukitaka, juri litasikiliza kwanza nani mwenye kosa, liamue, ndipo lije lisikie madhara na fidia. Jaji anaweza kukataa kama madai hayafiki dola 150,000, au kama aliyeumizwa ni mhanga wa ukatili wa kingono ambaye kutoa ushahidi mara mbili kutamuumiza upya. Kwa waliobaki, fikirieni inavyokuwa. Mama amesafiri na maumivu yake miaka miwili kufika mbele ya wale watu, halafu anaambiwa, subiri, kwanza tuzungumzie breki. Nimeshawahi kuwatafsiria watu wetu ushahidi, na najua hatuelezi mambo kwa vipande. Ukimuuliza mzee wa Fizi ajali ilitokeaje, ataanza na alikokuwa anakwenda, na mgonjwa aliyekuwa anakwenda kumwona. Wakili atamkatiza mara nne. Jiandaeni kwa hilo. Anayekwenda kutoa ushahidi akae na wakili wake na mkalimani mapema, afundishwe ni sehemu gani ya habari inasemwa siku gani.

Mengine nayataja kwa haraka. Zamani mdai aliweza kuiondoa kesi yake mwenyewe, akajipange upya, hadi dakika ya kuapishwa shahidi wa kwanza. Sasa ana siku 60 tangu mdaiwa ajibu, baada ya hapo anahitaji ruhusa au makubaliano. Na mdaiwa akiomba kesi itupwe mapema, ile hatua ya pande mbili kulazimishwa kuonyeshana ushahidi kwa kawaida inasimama mpaka jaji aamue. Kamera za apatimenti hazisubiri jaji. Nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache, na ndiyo maana wakili anatakiwa apeleke barua ya kutaka picha zihifadhiwe mara tu tukio linapotokea.

Lakini mkanda wa gari siwezi kuupitia haraka, kwa sababu ya zile van. Kwa miaka mingi Georgia ilikataza kabisa kumwambia juri kwamba majeruhi hakufunga mkanda. Sasa inaruhusiwa. Na sheria yetu ya lawama inasema mdai akionekana amechangia nusu au zaidi ya kosa, hapati hata senti. Nimepanda zile van. Saa kumi alfajiri, watu kumi na wawili, giza, kila mtu amejikunja ndani ya koti, anajaribu kuiba nusu saa ya usingizi kabla ya kufika. Mikanda imezama chini ya viti, mingine imefungiwa kwa nyuma isisumbue. Nawaomba kwa heshima zote: Jumatatu mkiingia, itoeni ile mikanda. Dereva akinung'unika, aseme mbele ya wote. (Aliyeumia akiwa kazini, ndani ya kiwanda, njia yake ni nyingine, ya fidia ya wafanyakazi, na SB 68 haikuigusa. Huko umwarifu mwajiri ndani ya siku 30, usipitishe, na dai lenyewe lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja.)

Mtaniuliza, basi tufanye nini? Niwaambie habari ya mama mmoja, simtaji. Alitoka Uvira akakaa miaka kumi na tisa kambini Nyarugusu, Kigoma. Kule alijifunza kuandika kila kitu kwenye daftari la shule, lile la kurasa 48: siku ya mgao, kilo za unga alizopewa, kilo zilizopungua, jina la aliyegawa. Alisema kambini asiyeandika huambiwa amekwisha kupokea. Alipofika hapa aliendelea. Niliitwa kumtafsiria baada ya kuanguka kwenye ngazi ya mbao iliyooza. Wakili aliuliza lile swali langu, lilelile: waliambiwa lini? Mama akafungua mkoba, akatoa daftari lenye doa la mawese kwenye jalada. Tarehe, saa, jina la mtu wa ofisi, alichojibu. Mara tano. Kiswahili chake ni cha Kivu, herufi zake ni kubwa za mtu aliyesoma hadi darasa la nne, na kila mstari ulitafsirika. Kijana wake alikuwa amepiga picha ile ngazi kwa simu, na picha ina tarehe yake. Kesi ile haikufika hata mbele ya jaji. Walimlipa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wanasema habari ya biashara. Sisi hapa mali yetu ni mwili huu tunaoufanyia kazi, kwa hiyo methali hiyo ni yetu kabisa.

Daftari peke yake halitoshi tena, maana linathibitisha kwamba wewe ulisema. Sheria inataka ionekane kwamba yeye alijua. Kwa hiyo baada ya kwenda ofisini, peleka maandishi. Barua pepe ndiyo nzuri zaidi, na isiwe ndefu: leo tarehe fulani nimekuambieni kwamba geti la mbele halifungi, tafadhali litengenezeni, jina, namba ya nyumba. Weka picha. Mtoto wako wa darasa la nane anaweza kukuandikia kwa Kiingereza. Kama jengo lina programu ya simu ya kuomba matengenezo, tumia hiyo, kisha piga picha ya skrini, kwa sababu siku ukihama watakufungia uingiaji. Mtu akivamiwa kwenye jengo lenu, hata kama si wewe, ripoti ya polisi ifunguliwe, na ofisi iandikiwe kwamba tukio limetokea. Najua tulikotoka polisi hawaitwi kwa hiari. Najua pia mwaka huu wengi wanaogopa kumwita mtu yeyote mwenye sare. Sitamlaumu anayeogopa. Lakini tukio lisiloandikwa popote, kwa sheria hii mpya, kwa mwenye jengo ni kama halikutokea, na atakayevamiwa baadaye ataambiwa wewe ndiye wa kwanza.

Wengine wanaogopa kufukuzwa nyumba. Tangu 2019 Georgia ina sheria inayomkataza mwenye nyumba kumlipizia kisasi mpangaji aliyelalamikia mambo ya usalama na afya. Na hapo pia, mwenye nguvu ni yule mwenye karatasi.

Baada ya hayo niliruhusu maswali. Mengi yalihusu kesi za watu, nikawaelekeza kwa mawakili wawili waliokuja kukaa nasi bila malipo. Moja naliandika hapa kwa sababu linawahusu wengi.

Mama mmoja alisimama, kitenge kimefungwa juu ya koti, akasema: mwanangu aligongwa mwezi wa pili mwaka huu, alikuwa abiria kiti cha nyuma, bado hatujafungua kesi. Sheria hii mpya inamkuta au haimkuti?

Nikamtazama wakili, akaniitikia kwa kichwa niendelee, naye akanisahihisha mahali pawili. Jibu ni kwamba inamkuta nusu. Habari ya bili mbili haimhusu, kwa sababu ajali ilitokea kabla ya Aprili 21. Habari ya mkanda inamhusu, kwa sababu hiyo inatazama siku ya kufungua kesi, na kesi yake bado. Yale ya kukata kesi vipande na ya hesabu ya maumivu yanamhusu pia. Hayo yameingia hata kwenye kesi zilizokuwa tayari mahakamani. Muda alionao ni miaka miwili tangu ajali, yaani hadi Februari 2027. Lakini gari lililomgonga lingekuwa la mji, taarifa ya maandishi ingetakiwa kufika kwao ndani ya miezi sita, na miezi sita hiyo imeshapita.

Akasema halikuwa la mji. Nikamuuliza, mwanao alikuwa amefunga mkanda?

Akasema, alifunga. Akatoa simu kwenye kitenge, akapekua, akanionyesha: kifua cha kijana, na alama ya zambarau iliyokatiza kutoka begani hadi ubavuni, pana kama mkanda wenyewe. Alimpiga picha hiyo hospitalini siku ya pili, ili amtumie dada yake Lubumbashi amwombee.

Simu ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka. Wakili akachukua kiti akakaa pembeni yake, akamwomba amtumie ile picha palepale, kisha ajitumie na yeye mwenyewe kwa barua pepe. Mama hakuwa na barua pepe. Binti mmoja wa wale waliosimama mlangoni alikuja akamfungulia.